Washenga Wanne wa Chuma

Jumatatu, 3 Machi

Iwafikie wote wenye masikio, na wasio nayo waandikiwe: leo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na paka mmoja, kiti cha stoo kimetiwa mguu wa nne. Kazi hiyo ameifanya Mchomeaji, ambaye huchoma vyuma kwa moto na watu kwa maneno. Mguu ni mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo kiti bado kinayumba, ila sasa kinayumba kwa heshima. Nimekikalia. Naandika.

Jambo jingine dogo la leo: mtu ameomba kumwoa binti wa kaka yangu.

Kaka ndiye mwenye karakana hii ya injini za boti za mbio. Mimi ni dada yake, mtunza stoo. Binti ni mwanawe wa pekee, anakaa mapokezi na visikizio masikioni, anajibu simu za wateja kama mtu anayewafukuza kuku. Mwombaji ni yule fundi wa mashine ya kukereza aliyeajiriwa juzi juzi. Alivua kofia, akamfuata kaka kwenye benchi.

"Mzee, nina nia njema na nyumba yako."

Kaka hakuinua macho. "Nyumba siuzi."

"Namaanisha binti, mzee."

Mchomeaji alizima moto wake ili asikie vizuri. Kaka akafuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa, polepole, kama anayechinja.

"Sikia, Mkwe," akasema, na jina likamganda pale pale mbele yetu. "Msimu huu kuna mbio tatu. Ile boti nyekundu iliyokufa injini, ichukue. Jenga injini yako, endesha mwenyewe. Ukinipita hata mara moja, lete washenga tuzungumze. Usiponipita, unarudi ulikotoka, na injini unaniachia."

"Na vipuri, mzee?"

"Vipuri muulize dada. Labda ana huruma."

Huruma siweki stoo. Haina rafu yake.

Jumatano, 5 Machi

Kranki. Kwa asiyejua, ni ule mhimili uliopindapinda kama mtu mwenye msokoto wa tumbo, unaopokea ngumi za pistoni nane na kuzigeuza kuwa mzunguko. Ukiwa mbovu, kila kizuri kinachozunguka nao ni mapambo ya kaburi.

Kaka alimwekea Mkwe kranki mbili sakafuni. Moja imepakwa rangi, inang'aa kama bwana harusi. Nyingine ina kutu. Akasema, "Chagua, kijana. Kuchagua ndiyo sifa yako." Watu wakacheka, na mimi nikachangia kidogo.

Mkwe akachukua kamba. Alizining'iniza kwa kamba moja moja, akazigonga kwa nyundo ndogo. Ile ya kung'aa ikasema *du*, kama mlango wa kabati. Hiyo ni ya chuma kilichomiminwa. Ile ya kutu ikalia muda mrefu kama kengele: chuma kilichofuliwa, na hakina ufa. Akachukua ya kutu.

Kaka uso ulimbadilika kidogo, kisha ukarudi. "Vizuri. Sasa ing'arishe. Kwa mkono."

Alishinda anasugua kwa utepe wa msasa. Jioni kaka akapitisha ukucha juu yake, akasema kuna mkwaruzo, anza tena. Nilipita baadaye nikapitisha ukucha wangu. Hakuna mkwaruzo. Sikusema. Nilikuwa nafunga stoo.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mkwe anasugua.

Jumanne, 11 Machi

Leo pistoni. Sheria yake ni rahisi na ya kikatili: unapima zote nane, na iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo hakimu. Nyingine saba zinapunguzwa nyama kwa ndani mpaka zilingane nayo. Huwezi kuongeza, unapunguza tu.

Mizani iko mezani kwangu. Mkwe alipunguza kwa adabu, chembe kwa chembe. Alipofika ya mwisho kaka akaja kuegemea meza, akiuliza habari za kwao, mama hajambo, wadogo hawajambo, na kidole chake gumba kikakaa kwenye ukingo wa sahani ya mizani. Mizani ikasema pistoni ni nzito. Mkwe akaipunguza. Akarudi, kidole kipo, bado nzito. Akaipunguza tena. Kaka akaondoa kidole. Sasa ile pistoni ikawa nyepesi kuliko wenzake wote, na saba zikarudi kwenye kisu.

"Kwetu hapa," kaka alimwambia, "mnyonge ndiye anayetoa sheria. Umeona raha yake?"

Kidole nilikiona tangu mara ya kwanza. Nilikitazama kama mtu anavyomtazama panya akikaribia mtego: si kwamba nampenda mwenye mtego.

Ijumaa, 14 Machi

Kusawazisha. Kranki ikizunguka kwa kasi, upande mmoja ukizidi hata kwa uzito wa sarafu, inajipiga yenyewe mpaka inavunja nyumba yake. Inawekwa basi kwenye mashine, inazungushwa, na mashine inaonyesha uzito umezidi wapi. Lakini huwezi kuizungusha na pistoni zenyewe, zitachapa watu. Unaifungia vipande vinne vya chuma vya mviringo, kila kimoja kimepimwa ili kisimame badala ya pistoni mbili na mikono yake. Sijui kwingine wanaviitaje. Hapa kwetu, tangu enzi za baba, vinaitwa washenga, maana vinakwenda kuzungumza badala ya wenyewe.

Kaka amemwazima Mkwe washenga wake wanne. Mkwe, ambaye ni mgeni na hathubutu kuuliza, anaviita "vile vyuma". Nimeona hilo. Sikumsahihisha.

Binti leo alikuwa anatabasamu peke yake akiangalia simu. Nikatazama karakana: Mkwe naye alikuwa ameshika simu. Mimi si mtoto. Mapenzi na kikohozi havifichiki.

Jumapili, 16 Machi

Nimefua. Hazikukauka.

Jumamosi, 22 Machi

Mbio ya kwanza. Ziwa lilikuwa la kijivu, watu wamejaa kingoni na miavuli. Binti alikuja, akasimama karibu nami. Akatoa kisikizio kimoja akaniuliza, "Nani yuko mbele?" Sauti yake ilitetemeka kidogo. Nilimwonea huruma, mtoto wa watu, moyo vipande viwili, baba huku na mpenzi kule.

Baba yake ndiye alikuwa mbele. Injini ya Mkwe ililia vizuri, sauti moja iliyonyooka, lakini kaka analijua ziwa kama anavyoijua mifuko yake. Karibu na mwisho alipunguza mwendo kwa makusudi, akamsubiri, akamwachia afike ubavuni. Kisha akafungulia, akamgeuzia mkia na kumlisha maji yote ya nyuma. Boti nyekundu ikaingia mwisho imejaa maji, Mkwe anatema kama mtoto aliyetiwa dawa.

Mchomeaji alimpokea gatini na ndoo. "Mkwe, ukitaka kuoga si ungesema."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mkwe amebadilisha konrodi, ile mikono inayoshika pistoni. Ametaka za chuma cha kufuliwa na boliti mpya. Nikampa boliti za zamani kwanza nione kama atajua. Alizipima urefu moja moja, akazirudisha mezani: zilikuwa zimevutika. Nikampa mpya. Hakusema asante. Namheshimu kidogo, na inaniudhi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua, mvua. Kiti kinayumba.

Jumamosi, 5 Aprili

Mbio ya pili haikwisha, na heri ingekwisha kwa lolote.

Walianza chini ya wingu jeusi. Mzunguko wa mwisho, naapa kwa macho yangu mawili, boti nyekundu ilikuwa mbele. Si kwa mengi, kwa urefu wa pua yake, lakini mbele. Kisha mvua ikashuka kama shuka. Waamuzi wakapunga bendera, mbio zikavunjwa, na kwa kanuni zao, mbio iliyovunjwa haina mshindi.

Kaka alirudi karakana amelowa. Akafungua injini yake hapo hapo. Nilijua anachokiona: injini ya kijana imesawazika kuliko yake. Akatangaza kwamba anaweka pistoni mpya, pana zaidi, na kranki yake lazima isawazishwe upya. Akachukua simu, akampigia Mkwe, nami nimesimama pale na taulo.

"Kesho asubuhi lete washenga. Wote wanne. Usinicheleweshe."

Akakata.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika polepole, maana mengine yatanikimbia.

Asubuhi mlango wa karakana uligongwa kwa kistaarabu. Huku kwetu hakuna anayegonga. Nikafungua. Nje walisimama wazee wanne kwa mstari, wamevaa makoti yenye harufu ya dawa ya nondo wa nguo, viatu vimepigwa rangi, mmoja ana fimbo. Nyuma yao Mkwe, amenyoa, shati jeupe.

"Tumeitwa," mwenye fimbo akasema. "Mimi ni mjomba wa kijana. Tumepanda basi alfajiri."

Nilielewa hapo hapo. Ningeweza kufunga mlango na kusema mwenyewe ametoka. Ningeweza kumvuta Mkwe pembeni. Nilisema, "Karibuni ndani, wazee wangu."

Hakuna viti. Wakasimama katikati ya vyuma, wakiinua pindo za makoti. Kaka akatoka chini ya boti, grisi mpaka kiwiko. Aliwatazama mmoja mmoja. Nimekaa naye tangu tumbo moja, najua anapofikiri: jicho la kushoto hujikunja. Lilijikunja. Hakuwa amepanga, hilo nalitetea. Lakini bahati ilimjia na sinia, na kaka hajawahi kukataa kilicholetwa na sinia.

"Wazee, shikamooni. Hamjambo? Safari?"

"Marahaba. Safari njema. Baba, tumekuja kama ulivyotuita, kwa heshima na kwa..."

"Subiri kwanza, mzee wangu. Mko wangapi?"

"Wanne. Kama ulivyosema."

"Wanne, sawa kabisa. Sasa, nani kati yenu ni wa silinda ya kwanza?"

Mjomba akamgeukia Mkwe. Mkwe alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la mtu ambaye maji yamemfika kifuani na anadhani ni mazoezi.

"Mkwe," kaka akasema kwa upole, na upole wake nauogopa kuliko makelele. "Vile vyuma vyangu vinne nilivyokuazima, vya kufunga kwenye kranki. Viko wapi?"

"Viko kwenye benchi langu, mzee."

"Kavilete."

Akavileta. Kaka akavipanga juu ya meza, kimoja kimoja, mbele ya kila mzee, kama anayegawa sahani.

"Washenga wangu ni hawa. Nilihitaji hawa. Hawa wenu," akaonyesha makoti kwa kidevu, "sijui nitawafunga wapi. Labda mzee huyu mnene tumkereze kidogo."

Mchomeaji alianza kucheka, kisha mwingine, kisha karakana nzima. Hata mimi, na mkono mdomoni. Mjomba alitaka kukaa, akakalia pipa la oili chafu. Aliposimama, koti lilikuwa limeharibika mgongo mzima. Hakuna aliyempa kitambaa. Wakatoka kwa mstari kama walivyoingia, na mwenye fimbo akamwambia Mkwe kwa sauti ndogo, "Mwanangu, sisi ni watu wa kuletwa hapa?"

Mkwe aliwasindikiza mpaka barabarani. Nikadhani haonekani tena.

Alirudi. Akavua shati jeupe, akalikunja, akavaa ovaroli, akawasha mashine. Hakuwa na hasira usoni. Hakuwa na kitu chochote usoni.

Jumanne, 8 Aprili

Mkwe kanisalimia kwa jina la "Stoo". Zamani alikuwa akisema "shangazi".

Alhamisi, 10 Aprili

Pistoni mpya za kaka ni nzito. Kwa hiyo zile nyama za kranki zinazokaa upande wa pili kushindana nazo zimekuwa nyepesi, na safari hii kupunguza hakufai, lazima kuongeza. Unatoboa tundu kwenye nyama hiyo, unagongomea ndani kipande cha chuma kizito kuliko risasi. Kaka alikuja kukichukua kwangu, nikampa.

Sasa, tundu lina adabu yake. Nimesoma hilo kwenye karatasi iliyofungiwa beringi, maana mimi husoma kila kinachofungia kitu. Likitobolewa ubavuni, sambamba na mhimili, kile kipande kikizunguka kinajibana kwenye ukuta wa tundu na hakina pa kwenda. Likitobolewa kutoka juu, kila mzunguko unakiambia, toka, toka. Kaka ametoboa kutoka juu, kwa sababu ndiyo haraka, na kwa sababu baba alifanya hivyo. Injini za baba zilikuwa zinatembea. Hizi zinaruka.

Mkwe alipita na ndoo. Akasimama. Akatazama lile tundu muda ambao mtu hutazama kitu anachokielewa.

"Nini?" kaka akamuuliza. "Unataka kuninyoosha?"

"Hapana, mzee," Mkwe akasema. "Kazi safi."

Ni mara ya kwanza namsikia akimsifu. Akainua macho, akakutana na yangu. Alijua kwamba najua. Akaniinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni.

Kaka ameniambia mara nyingi: dada, kazi yako ni kutoa vitu, siyo kutoa maneno. Nimetoa kitu.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imepungua. Nimeota baba ananiita, nikajifanya sisikii.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilikwenda kwa kaka na chai. Nikasema, "Kaka, lile tundu..." Akasema, "Dada, kiti chako kinakutosha?" Watu wakacheka. Nikarudi kukikalia. Iandikwe kwamba nilikwenda. Iandikwe pia kwamba nilirudi haraka.

Jumamosi, 26 Aprili

Mbio ya tatu. Jua kali, maji yametulia.

Kaka aliongoza tangu mwanzo. Injini yake ilipiga kelele kuliko zote, na watu wakashangilia kelele, maana watu hudhani kelele ni nguvu. Mkwe alikaa nyuma yake, si karibu, si mbali. Hakujaribu kupita. Mchomeaji alisema ameogopa. Mimi niliona anasubiri.

Mzunguko mmoja kabla ya ule wa mwisho tulisikia mlio mmoja, kama kofi. Kile kipande kilitoka. Kilipasua ubavu wa injini, kikapasua kifuniko cha juu, kikampata kaka kwenye taya. Boti yake ikasimama, moshi mweupe unapanda taratibu, naye ameinama mbele kama anayetafuta kitu alichodondosha.

Boti nyekundu ikapita kando yake. Mkwe hakupunguza mwendo. Hakuongeza pia. Alikwenda mpaka mwisho, akakata mstari, akageuza, ndipo akarudi kumchukua.

Binti alipiga magoti matopeni akalia baba, baba. Nilimshika mabega. Nilikuwa najua mambo mawili na sikuweza kumwambia hata moja.

Jumanne, 29 Aprili

Hospitali. Kaka yu hai. Meno ya upande mmoja hayapo, na daktari amemfunga taya kwa waya. Anakunywa uji kwa mrija na hawezi kusema. Wauguzi wanamwita mgonjwa mtulivu. Nilitoka nje nikacheka, kisha nikalia, kisha nikarudi.

Mkwe alikuja jioni na mfuko. Akauweka kifuani pa kaka. Karanga za kukaanga.

"Pole, mzee. Utafune taratibu."

Akavuta kiti, akakaa karibu.

"Mzee, nilikupita?"

Kaka akainamisha kichwa: ndiyo.

"Sikusikia, mzee."

Akainamisha tena. Jasho linamtoka.

"Mzee, mimi ni mgeni wa lugha yenu, nilishawahi kukosea neno moja nikaaibisha ukoo. Safari hii nataka nisikie. Nije na wazee wangu?"

Kaka akavuta pumzi, akatoa sauti kwenye waya, *mmm*, na damu kidogo pembeni ya mdomo.

"*Mmm* ni ndiyo au ni hapana?"

Nikasema, "Basi, inatosha. Amekubali."

Akanigeukia. Uso ule ule mtupu. "Na wewe, Stoo, umeshajua kusema?"

Mwezi wa tatu nilimwona kichekesho. Wa nne nilimwona mtu. Leo nimemtazama vizuri pale kitandani na nimemwona kaka yangu, alivyokuwa ujanani, na meno yote.

Ijumaa, 2 Mei

Nimenunua vikombe. Binti ameniuliza vya nini. Nikamwambia kesho kuna wageni wa baba yako. Akasema haya, akarudisha kisikizio. Ana roho ngumu ya kuficha furaha, huyu mtoto.

Jumamosi, 3 Mei

Wamekuja nyumbani, wale wale wanne. Mjomba amevaa koti jingine, la kuazima, mikono mifupi. Kaka alikaa kwenye kochi na bandeji yake, mkimya kama picha ya marehemu. Mkwe alikaa mbele yake moja kwa moja na hakumwondolea macho hata mara moja.

Nikawapa maji. Mjomba akakohoa, akaanza.

"Tulikuja siku ile tukakosea maana. Leo hatukukosea. Kijana wetu mnamjua, kazi yake mmeiona, na ahadi mliyompa ameitimiza mbele ya watu. Tunaomba jiko."

Kaka akainamisha kichwa. Mkwe akasubiri. Kaka akatoa ile sauti. Mkwe akatabasamu, akawaambia wazee wake, "Mmesikia wenyewe."

Wazee wakashukuru. Mchomeaji, aliyejialika, akaanza kupiga makofi. Nikaita jikoni Binti alete chai, kwa ile sauti ya shangazi anayejua kila kitu.

Akaja na sinia. Akaliweka mezani. Akamimina kwa kila mzee, kwa adabu, mpaka akafika kwa Mkwe, aliyekuwa amesimama sasa, amenyooka, mikono nyuma. Akamtazama. Akatoa kisikizio.

"Shangazi," akaniuliza, "huyu fundi ndiye anataka kunioa mimi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwani anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Silijui jina lake.